"Mane" si usiku wa manane

BARUA

Shikamoo Mama.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, naishi Morogoro na mume wangu na watoto wetu wawili. Tangu Machi mama mkwe wangu naye yuko kwetu. Ana miaka 68, ana kisukari na presha, tukamtoa kijijini ili awe karibu na kliniki. Mimi ndiye ninayeshinda naye nyumbani, kwa hiyo dawa zake zimekuwa mikononi mwangu.

Wiki tatu zilizopita alikwenda kliniki na shemeji yangu. Wakarudi na bahasha tatu ndogo za dawa. Ya kwanza imeandikwa "Metformin 500mg 1x2 pc". Ya pili, "Gliben 5mg 1x1 mane". Ya tatu, "Amlo 10mg 1x1 nocte". Kwenye daftari lake, chini kabisa, pameandikwa "TCA 1/12". Shemeji anasema foleni ilikuwa ndefu, aliyewapa dawa akawaambia "maelezo yameandikwa humo humo", akaita mwingine.

Nikakaa chini nizisome. Ile 1x2 nilidhani naijua. "Nocte" sikuielewa, nikaona labda ni jina la kiwanda. "Mane" nikasema ni mkato wa manane, yaani usiku. Nikamwambia mama, hii ni ya wakati wa kulala. Basi siku tatu akawa anaimeza saa 4 usiku akipanda kitandani, na ile ya "nocte" anaimeza asubuhi. Usiku wa tatu alikula kidogo sana, alisema tumbo limejaa. Saa 10 alfajiri nikasikia anagonga ukuta. Nilimkuta ametota jasho, anatetemeka, ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Jirani yetu, ambaye mumewe naye ana kisukari, alikuja mbio akasema mpe sukari. Nikamkorogea vijiko vitatu kwenye kikombe cha maji, akanywa, na baada ya kama robo saa akarudi katika hali yake. Hospitali hatukwenda, alikataa, alisema yuko sawa.

Tangu siku ile simpi kabisa dawa ya "mane". Wifi yangu kanipigia simu, kaniambia nilitaka kumwua mama yake. Mume wangu hasemi kitu, na hilo ndilo linaniuma zaidi. Mama mwenyewe hana kinyongo, ila sasa amezimimina dawa zote kwenye kopo moja, anasema atazitambua kwa macho.

Juzi tena mwanangu mdogo alipewa antibiotiki ya unga kwenye chupa. Boksi lina "125mg/5ml", na kwenye kibandiko "5ml tds 5/7". Shemeji anasema 5/7 ni tarehe 5 Julai ya kumrudisha mtoto, kama ile 1/12 ya mama ilivyo tarehe mosi Desemba. Na nyuma ya vidonge vya metformin kuna herufi MSD na GOT. Fundi anayejenga hapa jirani kaniambia hizo ni dawa za wizi.

Mama, nifundishe hizi alama. Nimeanza kuogopa kila karatasi yenye dawa.

Mkwe, Morogoro

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Pole kwa usiku ule na pole kwa maneno ya wifi yako.

Kabla ya alama yoyote, kesho asubuhi mpeleke mama kliniki. Chukueni kopo, bahasha tupu kama hujazitupa, na daftari lake. Asimeze kitu kutoka kwenye kopo hilo kwa kukisia. Glibenclamide (ile "Gliben" ya sukari) na amlodipine (ile "Amlo" ya presha) mara nyingi zote ni vidonge vidogo vyeupe, na macho ya mtu wa miaka 68 mwenye kisukari si ya kuyatwika kazi hiyo. Dirishani watazipanga upya au watampa nyingine.

Ukiingia kwa daktari, sema mambo matatu: alimeza dawa ya sukari usiku, akazidiwa alfajiri, na tangu hapo mmeisimamisha wenyewe. Hilo la tatu najua unalionea haya, lakini usiliache nyumbani. Daktari akipima na kuikuta sukari iko juu, huku akiamini mama anameza kila kitu, anaweza kuongeza dozi. Mama akianza kuimeza dozi hiyo mpya, mtarudi kule kule kwenye jasho na kutetemeka.

Kilichompata ni sukari kushuka. Glibenclamide huisukuma kongosho itoe insulini, inayoshusha sukari, mtu awe amekula au hajala. Ndiyo maana humezwa asubuhi pamoja na chakula: mbele yake kuna chai, kuna mchana, kuna jioni. Mama aliimeza akaenda kulala na tumbo ambalo halikuwa na kitu cha maana. Jasho, kutetemeka, kuchanganya watu majina, ndizo dalili zenyewe. Jirani yako aliwafanyia jambo kubwa. Ila mkishampa mtu sukari na akazinduka, ale kitu cha kukaa tumboni, uji au mkate, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo hata akisema ni mzima. Dawa hii hukaa mwilini kwa saa nyingi, kwa wazee zaidi, na sukari inaweza kushuka mara ya pili mkiwa mmeshatulia. Na siku mkimkuta hawezi kumeza, msimmiminie kitu kinywani. Mkimbizeni. Mwulize daktari pia kama kwa umri wake dawa hiyo bado inamfaa au ipo nyingine.

Ile ya presha aliyoimeza asubuhi badala ya usiku haikumdhuru. Amlodipine hufanya kazi mchana na usiku, na watu wengi huimeza asubuhi.

Sasa hilo neno. "Mane" ni Kilatini, maana yake asubuhi. "Nocte" ni usiku. Nimekaa dirisha la dawa miaka 22, nimeliandika "mane" mara nisizoweza kuhesabu, na mpaka niliposoma barua yako sikuwahi kuona kwamba kwa mtu aliyelelewa na Kiswahili neno hilo linakaa mlango mmoja na manane. Wewe ulisoma kwa akili kabisa. Ulipewa karatasi ya lugha usiyoijua, ukatafuta neno la karibu katika lugha unayoijua. Aya hii mpe mumeo aisome, na yeye amsomee dada yake. Kosa hilo lilianzia kwenye kalamu kabla halijafika kwako.

Kilatini kiliingiaje kwenye bahasha ya dawa Morogoro? Madaktari wa Ulaya waliandika vyeti vyao vya dawa kwa lugha hiyo kwa karne nyingi, Waingereza wakatuletea mtindo huo pamoja na hospitali zao, nasi tukaurithi. Hata ile R yenye mkia uliokatwa juu ya cheti, Rx, inatokana na neno la Kilatini lenye maana ya "chukua". Kwa daktari na mfamasia ni njia ya mkato, wanaelewana. Haikukusudiwa mgonjwa, na bahasha ni ya mgonjwa. Mimi naamini kabisa kwamba Kilatini kiishie kwenye cheti na daftari. Kwenye bahasha yaandikwe maneno ambayo mama yako anaweza kuyasoma.

Lakini kwa kuwa yataendelea kuandikwa, jifunze haya machache ndiyo yanayorudi kila siku. "Od" ni mara moja kwa siku, "bd" mara mbili, "tds" mara tatu, "qid" au "qds" mara nne. "Ac" ni kabla ya kula, "pc" ni baada ya kula, kama kwenye metformin ya mama, kwa sababu tumbo tupu huisumbua. "Stat" ni papo hapo na mara moja tu, kama ile albendazole ya minyoo. "Prn" ni pale unapohitaji, wala haina maana ya kila unapojisikia: paracetamol iliyoandikwa hivyo, mtu mzima asivuke vidonge 8 vya mg 500 ndani ya saa 24. Na kama dawa ni ya macho, "OD" kwa herufi kubwa huweza kuwa jicho la kulia. Hapo usikisie hata kidogo, uliza.

Ile 1x2 uliyosema unaijua, hebu tuiangalie tena, maana ndiyo iliyonifundisha mimi kazi. Namba ya kwanza ni vidonge, ya pili ni mara ngapi kwa siku. 1x2 ni kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni. 2x1 ni viwili kwa pamoja, mara moja. Miaka ya mwanzo nilimwandikia mzee mmoja wa presha 1x2. Alirudi baada ya mwezi, presha iko juu, na bahasha bado ina vidonge vingi. Alielewa kidonge kimoja kila baada ya siku mbili. Hakuwa amepuuza, alifuata nilichoandika kama alivyokisoma, na kwa mwezi mzima aliishi katika hatari kwa sababu ya alama yangu ya kuzidisha. Tangu siku ile naandika: kidonge kimoja asubuhi, kidonge kimoja jioni. Huchukua sekunde chache zaidi. Foleni haijawahi kufa kwa sekunde hizo.

Hata Kiswahili chetu kina mtego wake hapa. Tunasema "kutwa mara tatu", na kutwa ni toka jua linapochomoza hadi linapozama. Mgonjwa akilitii neno hilo anameza tatu zote mchana, ya mwisho saa 12 jioni, halafu usiku wote dawa inapungua mwilini hadi kesho. Kwa antibiotiki nyingi za mara tatu hilo si jema, zinataka kugawanywa katika saa zote 24. Mimi huwaambia wagonjwa wangu saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Wanashika mara moja.

Na saa zenyewe nazo ziangalie. Ukikuta "8 hourly" usiisome saa nane mchana, ni kila baada ya saa nane. Ukikuta "8am" ni saa 2 asubuhi kwa saa yetu. Nimeona mtu aliyekuwa akimeza antibiotiki mara moja tu kwa siku, kila saa nane mchana, kwa uaminifu mkubwa, na kidonda hakiponi.

Tarehe za shemeji yako si tarehe. Namba ya chini ndiyo siri yake: 7 ni siku za wiki, 52 ni wiki za mwaka, 12 ni miezi ya mwaka. Kwa hiyo 5/7 ni siku 5, 2/52 ni wiki 2, na 1/12 ni mwezi 1. TCA ni arudi tena. Mama alitakiwa kurudi baada ya mwezi mmoja, na kwa hesabu yako mwezi huo unatimia wiki ijayo. Kama mngesubiri mpaka Desemba, angekaa miezi bila dawa ya sukari wala ya presha.

Mjukuu wake naye, basi: ml 5, mara tatu kwa siku, kwa siku 5. Zitimie siku zote hata akianza kuruka ruka siku ya pili. Ile 125mg/5ml inakwambia ndani ya kila ml 5 za maji ya dawa kuna mg 125 za dawa yenyewe. Kuna chupa za jina hilo hilo zenye 250mg/5ml, ni kali mara mbili, ndiyo maana usiazime chupa ya mtoto wa jirani hata kama boksi linafanana. Unga uchanganywe na maji yaliyochemshwa yakapoa, hadi kwenye mstari wa chupa. Tikisa, ukikuta povu limeshuka na maji yako chini ya mstari, ongeza mpaka hapo. Tikisa tena kila kabla ya kumpa. Ikishachanganywa haina tena umri ulioandikwa kwenye boksi, nyingi hutupwa baada ya siku 7, kibandiko chake kitasema. Vijiko vya jikoni viache jikoni. Cha chai hukadiriwa ml 5 na cha mezani ml 15, na vya nyumbani havilingani. Tumia kifuniko chenye mistari kilichokuja na chupa, au nunua bomba la sindano la ml 5 bila sindano yake. Ni rahisi sana kulipata.

Kuhusu MSD na GOT, mwambie fundi atulie. MSD ni Bohari ya Dawa, inayonunua na kusambaza dawa za Serikali, na GOT ni Serikali ya Tanzania. Herufi hizo zimewekwa ili dawa za umma zijulikane popote zilipo. Kama mama alizipata kliniki ya Serikali, ziko mahali pake, hata kama alichangia pesa au alitumia bima. Ukizikuta zinauzwa kwenye duka la mtu binafsi, hapo ndipo pa kuuliza na kutoa taarifa.

Kwenye boksi na karatasi ya vidonge angalia EXP zaidi ya vyote. EXP 08/2027 maana yake ni mpaka mwisho wa mwezi wa nane mwaka huo. MFG ni lini ilitengenezwa. B.No au Lot ni namba ya toleo, ambayo Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba huitumia ikitokea toleo fulani lina kasoro na linatakiwa kurudishwa. POM ni dawa ya cheti tu. Ukiona SR, XR au MR baada ya jina, kidonge kimetengenezwa kiyeyuke polepole, kwa kawaida hakisagwi wala hakitafunwi, hata kama mgonjwa ni mzee na kinamkwama. Ikimkwama, mwambie mfamasia, atatafuta njia nyingine.

Tarehe hupigwa upande mmoja tu wa karatasi ya vidonge. Anza kubandua upande wa pili, ule wenye tarehe uwe wa mwisho. Na dawa zikihesabiwa kutoka kwenye kopo kubwa kuingizwa kwenye bahasha, EXP hubaki kwenye kopo. Omba iandikwe kwenye bahasha. Ni haki yako na ni mstari mmoja.

Sasa mama na kopo lake. Usimnyang'anye. Yeye ni mzazi, ameendesha nyumba kabla wewe hujazaliwa, na kuwekewa dawa mkononi kama mtoto kunamwuma hata kama hasemi. Mkirudi na bahasha mpya, kaeni wote wawili. Ya asubuhi mchoree jua kubwa kwa kalamu nene, ya usiku mchoree mwezi. Ile ya usiku ifunge pia fundo la uzi pembeni, vidole vyake vilijue hata taa ikiwa imezimika. Metformin yenye asubuhi na jioni ichoree jua mara mbili, moja limepanda, moja linazama. Halafu usimwelekeze, mwombe akueleze: "Mama, hebu nionyeshe tunaanza na ipi." Akikosea utaona palipokosewa. Akipatia, kazi hiyo imerudi kwake, nawe utabaki mtu wa kukumbusha. Bahasha zikae ndani ya kopo lake, zikiwa zimefungwa, mahali pakavu pasipopigwa jua, juu, pasipofikiwa na watoto.

Na dirishani, safari hii nenda wewe. Ukipewa dawa usiondoke na "yameandikwa humo". Shika bahasha moja moja, useme kwa sauti: "Samahani, naomba nirudie uone kama nimeelewa. Hii ni ya sukari, kimoja, asubuhi na chai. Hii ni ya presha, kimoja, usiku." Tukiwa upande wa ndani huwa tunachoka, hilo nalisema bila kulitetea, lakini mgonjwa akirudia maneno yetu tunasimama. Mara ngapi mimi mwenyewe nimesikia kosa langu kinywani mwa mgonjwa kabla hajafika mlangoni! Kama nyuma yako wananung'unika, waache wanung'unike. Chukua kalamu yako, uombe ile "mane" iandikwe "asubuhi" mbele ya macho yako.

Mume wako naye mwombe awapeleke kesho. Asimame na wewe hapo dirishani, asikie.